Simu Mfukoni, Fomu Dukani

Watu wengi wanaokuja dukani kwangu kujaziwa fomu za mtandaoni huja na simu janja mfukoni. Jambo hilo lilikuwa mbele ya macho yangu tangu nilipofungua duka, na bado nilichelewa kuliona. Mtu anatoa simu yenye kioo kikubwa, kivinjari kimo ndani, bando analo, kisha ananiambia, "Kaka, naomba unijazie hii." Anavuta stuli kando ya mashine ya kopi, ananisomea majina yake matatu, namba ya NIDA, mwaka aliomaliza shule, jina la mama yake, na mwisho, kwa sauti ya chini kidogo, neno lake la siri. Mimi naandika. Ananilipa, anashukuru, anaondoka na simu yake ikiwa mfukoni vile vile.

Duka liko Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Ni stesheneri kama stesheneri nyingine yoyote: kopi, kuprinti, kuskani, kulaminisha, picha za pasipoti, barua za kuomba kazi. Lakini siku hizi fomu za mtandaoni ndizo zinazolipa kodi ya pango. Maombi ya vyuo, mikopo, ajira, leseni, vyeti, karibu kila jambo ambalo zamani lilimtaka mtu apande basi na kwenda kupanga foleni mbele ya dirisha, sasa linafanyika kwenye ukurasa wa intaneti. Msimu wa matokeo ya kidato cha sita ukifika, vijana hujaa hadi barazani.

Kwa muda mrefu nilijieleza kwamba watu hawajui. Ni maelezo matamu kwa mtu anayekaa nyuma ya kompyuta, maana yanamfanya yeye kuwa ndiye anayejua. Mama mtu mzima akiniambia, "Mwanangu, haya mambo ya mtandao mimi siyawezi," nilimkubalia, wala sikujiuliza mbona huyo huyo anatuma pesa kwa simu, anajua makato ya kila kiwango kwa kichwa, anasikiliza na kurekodi meseji za sauti za kikundi chake cha kuweka akiba, na jioni anapiga simu ya video kuongea na binti yake aliyeko Muscat bila kuelekezwa na mtu. Vidole vinavyoweza yote hayo haviwezi kushindwa na visanduku vya kuandika jina na tarehe ya kuzaliwa. Kuna kitu kingine kilikuwa kinawashinda, na wao kwa unyenyekevu wakakipa jina la ujinga wao.

Baadaye nikaona ni mtandao. Hapa nilikuwa na sababu zaidi, kwa kuwa mtandao umetusumbua kweli. Sisi tuliotumia intaneti ya setilaiti tunakumbuka kusubiri barua pepe moja ifunguke huku dakika za kulipia zikihesabika. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata, tulidhani habari ya kusubiri imekwisha. Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilipokatika kwa wakati mmoja, tulikumbushwa jinsi maisha yetu yalivyoning'inia kwenye nyaya zilizolala chini ya bahari. Duka lilikuwa wazi na kazi hamna. Siku ile mtandao ulikuwa tatizo, na hakuna wa kubishana na hilo. Ila uliporudi, kompyuta yangu ilirudi kwenye mwendo wake, na zile simu za wateja zikarudi kwenye mwendo wao wa siku zote: duara dogo linazunguka, linazunguka, na mwenye simu anaangalia pembeni kana kwamba kuiangalia sana kutaichelewesha zaidi.

Aliyenitoa kwenye maelezo hayo ni kijana mmoja aliyekuwa akiomba kazi. Hakutaka kulipa, na alisema hivyo kwa adabu. Alitaka waifai ya duka tu, ajaze mwenyewe. Nikampa. Kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na watu, nikafungua ukurasa ule ule kwenye kompyuta yangu, kwa waifai ile ile, ili nimwelekeze akikwama. Kwangu ukurasa ulifunguka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Kwake kilianza kutokea kichwa cha ukurasa, kisha nembo, kisha weupe mtupu kwa muda mrefu, kisha visanduku vikaja na kushuka chini ghafla wakati kidole kilikuwa tayari kimeelekea kwenye kimoja. Akabonyeza "Endelea". Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Halafu simu ikazipokea zile bonyeza zake mbili kwa mpigo, ikamrukisha hatua mbili mbele, na fomu ikamwandikia kwa maandishi mekundu kwamba hajajaza sehemu ambayo hakuwahi hata kuiona.

Nikamwambia simu yake ni mbovu. Akanijibu, "Simu mpya hii, kaka. Ina mwezi tu." Na kweli, ile plastiki ya dukani ilikuwa bado imebandikwa kwenye kioo.

Simu haikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kazi sawasawa na ilivyoundwa. Nilianza kusoma habari hizi usiku usiku baada ya kufunga, kwa kubahatisha na kurudia, na nikiri kwamba mengine nimeyaelewa nusu. Kwenye boksi la simu kama ile huandikwa kwa herufi kubwa kwamba prosesa yake ina viini vinane, na mnunuzi anaondoka akiamini amepata vinane kweli. Anavyo. Lakini kazi ya kuuchora ukurasa wa intaneti na kuendesha JavaScript yake, yaani lugha ya programu inayoufanya ukurasa ujibu, kwa sehemu kubwa hupita kwenye njia moja, hatua baada ya hatua, na kiini kimoja ndicho hubeba mzigo huku vingine vikisubiri. Na viini vyenyewe mara nyingi ni vya aina ndogo. Kiini kiitwacho Cortex-A53, ambacho kampuni ya ARM ilikitangaza mwaka 2012, kiliendelea kuwekwa kwenye simu za bei nafuu miaka mingi baadaye, wakati kurasa za intaneti zilikuwa zinanenepa kila mwaka. Ukurasa wa kawaida unaofunguliwa kwenye simu leo unapita megabaiti 2. Mtu husikia megabaiti 2 akawaza bando tu, na bando ni sehemu tu ya gharama. JavaScript ikishafika kwenye simu inabidi ikunjuliwe, isomwe, itafsiriwe kwa lugha ya prosesa, kisha itekelezwe, na wakati hayo yanafanyika kidole cha mwenye simu hakina wa kukijibu. Ndiyo maana yule kijana alibonyeza na kukuta kimya. Simu ilikuwa imemsikia, ila ilikuwa bado haijapata nafasi ya kumjibu.

Nilipofika hapo nilidhani nimemaliza kuelewa. Kisha akaja binti mmoja aliyekuwa akiomba chuo.

Huyu alikuwa na simu ya kaka yake, ya zamani kidogo, na alikuwa amejaribu nyumbani jioni nzima. Alinisimulia kwa utulivu, kama mtu anayeeleza dalili kwa daktari. Anajaza fomu yote, kurasa zote, hadi mahali ambapo mfumo unasema umemtumia namba ya uthibitisho kwa meseji. Simu inalia, meseji imeingia. Anatoka kwenye kivinjari, anafungua meseji, anaisoma ile namba, anairudia mdomoni asiisahau, anarudi kwenye kivinjari, na anakuta ukurasa mweupe unaanza kufunguka upya. Visanduku vyote viko wazi. Majina hayapo, shule haipo, alama hazipo. Anaanza tena, anatumiwa namba nyingine, anatoka kuisoma, anarudi, weupe. "Nikahisi kuna mtu ananifutia," aliniambia.

Nilimwomba anionyeshe, nikakaa kando yake nikatazama. Ilikuwa vile vile alivyosema. Simu ile ilikuwa na kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 1. Sehemu kubwa ya hiyo huchukuliwa na mfumo wenyewe wa Android kabla mwenye simu hajagusa chochote. Kivinjari kilichobeba ukurasa mzito kinachukua kilichobaki. Anapofungua meseji, simu inahitaji nafasi, na Android imeundwa kutafuta programu ambayo haipo mbele ya macho ya mtumiaji na kuizima. Kwa muda ule isiyokuwa mbele ya macho ni kivinjari. Kinazimwa kimya kimya, bila onyo, na kila alichoandika ambacho hakijapelekwa kwenye seva kinapotea nacho. Hakuna aliyemfutia. Kila sehemu ilifanya kazi yake: simu ililinda uhai wake, mfumo wa maombi ulihakikisha ni yeye, na yeye akatii maelekezo. Aliyeiandika ile fomu pengine hakuwahi kuona jambo hilo likitokea, kwa sababu kwenye simu yenye gigabaiti 8 halitokei.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kilichoniuma zaidi ni subira yake: kwamba aliirudia kazi ile jioni nzima akiamini kosa ni la kwake, kwamba kuna kitufe hakukibonyeza au alichelewa kurudi. Tulilitatua kwa njia ambayo haimo kwenye mwongozo wowote. Mama yake alikuwa na kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Tukatoa laini ya binti kwenye simu janja, tukaiweka kwenye kitochi, meseji ikaingilia huko, naye akaisoma kwa jicho moja huku kivinjari kikiwa hakijatoka mbele. Maombi yakapita. Tangu hapo kitochi kimoja kinakaa kwenye droo ya kaunta kwa ajili ya kazi hiyo tu.

Suala la picha nalo lina namna yake, na hili nalieleza kwa sababu wateja wengi hulaumiwa kwalo. Fomu inataka picha ya mwombaji. Mtu anajipiga kwa simu, picha ina megabaiti 3, anaona ni ndogo. Lakini picha huhifadhiwa ikiwa imebanwa, na ikifunguliwa ionekane ni kama mchele: kikombe kimoja kikiiva kinajaza sufuria. Picha yenye nukta 4000 kwa 3000 ni nukta milioni 12, na kila nukta inataka baiti 4, kwa hiyo ikifunguliwa kikamilifu inakalia megabaiti 48 za kumbukumbu. Picha moja. Kwenye simu ambayo ilikuwa tayari inahema, hizo zinatosha kukiangusha kivinjari chenyewe. Mwenye simu anaona tu kwamba "imejitoa".

Katika kusoma kwangu nilikutana na vifaa vya zamani ambavyo vilinifanya nifikiri upya. Mwaka 1999 huko Marekani ilitoka kompyuta ndogo ya kiganjani iitwayo Palm VII, yenye kumbukumbu ya megabaiti 2, yaani udogo ambao leo usingetosha kubeba ukurasa mmoja wa kawaida. Walioitengeneza walijua haiwezi kuibeba intaneti nzima, hivyo wakaigawa kazi: fomu yenyewe ilikaa ndani ya kifaa, mtu akiijaza ni swali tu lililosafiri hewani, na jibu fupi likarudi. Sisemi turudi huko, na vifaa vile vilikuwa na dhiki zake. Ila walianza kwa kuuliza kifaa kinaweza nini, kisha ndipo wakaamua ukurasa uweje. Mwaka 2007 iPhone ilipotoka, moja ya sifa zake ilikuwa kwamba ingeonyesha kurasa zile zile za kompyuta bila kukatwakatwa, na tangu hapo nadhani swali lile likaanza kusahaulika. Simu ikahesabiwa kuwa kompyuta. Kwa mwenye simu ya bei kubwa ni kweli.

Wapo waliotukumbuka. Opera Mini, kivinjari cha kampuni ya Norway, kilifunguliwa kwa dunia nzima Januari 2006, na wengi wetu tulioanzia intaneti kwenye kitochi tulianzia hapo. Mimi mwenyewe nilisoma magazeti kwa kioo kisichozidi kiberiti. Siri yake ilikuwa kwamba ukurasa haukuja moja kwa moja: ulipita kwanza kwenye seva za kampuni, ukapunguzwa kwa hadi asilimia 90, ndipo ukaletwa. Ilikuwa neema. Lakini nikiitazama sasa naona na upande wa pili wake: wepesi ule ulipatikana kwa kuweka mtu wa katikati, na kilichopita katikati kingeweza kusomwa katikati. Google nao waliwahi kuweka kwenye Chrome ya Android njia ya kupunguza uzito wa kurasa, wakaiondoa Machi 2022, wakisema gharama ya data imeshuka katika nchi nyingi na kivinjari kimeboreshwa. Huenda ni kweli kwa nchi walizozihesabu.

Hata wapimaji wa mwendo wenyewe wamejifunza polepole, na hilo linanifariji. Google walipotoa vipimo vyao vya ubora wa kurasa mwaka 2020, walichopima kuhusu kidole ni ucheleweshaji wa mguso wa kwanza peke yake. Ukurasa ungeweza kujibu vizuri mguso wa kwanza na kuganda katika yote iliyofuata, na bado upate alama nzuri. Machi 2024 wakabadilisha, wakaanza kuangalia miguso yote ya mtumiaji katika ukurasa, na kusema jibu zuri lisizidi milisekunde 200. Naufikiria ule ukimya wa yule kijana kati ya bonyeza ya kwanza na ya pili. Sikuupima, lakini haukuwa wa milisekunde.

Ninapojaribu kuhitimisha kwamba kosa ni la wanaotengeneza kurasa, bado roho yangu haitulii. Uzito si uvivu wote. JavaScript ilibuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa siku kumi, kwa kazi ndogo ndogo, na leo inabeba benki, vyuo na hospitali. Tumeitaka ifanye hivyo na inafanya. Usalama nao una uzito wake. Baada ya kasoro za prosesa zilizoitwa Spectre kutangazwa Januari 2018, vivinjari vilianza kuitenga kila tovuti peke yake ndani ya kumbukumbu, ili tovuti mbaya isichungulie siri za tovuti nyingine, na kutenga huko kunakula nafasi. Chrome ilipoleta ulinzi huo kwenye Android mwaka 2019, kwa kurasa ambazo mtu huandika neno la siri, iliuwasha kwenye simu zenye RAM ya gigabaiti 2 na kuendelea. Niliposoma hapo nilisimama. Simu ya yule binti ilikuwa na gigabaiti 1. Uamuzi wenyewe una mantiki, kwani ulinzi ule ungeizidishia simu yake mzigo ambao tayari ilikuwa haiuwezi. Lakini maana yake ni kwamba mwenye simu dhaifu anasubiri zaidi na analindwa pungufu, vyote kwa pamoja, na sijui nani alikaa akaliona hilo kuwa ni jambo moja.

Na hapa ndipo ninapofika kwa nafsi yangu, kwa sababu mimi pia ni mtu wa katikati.

Kurasa zikiwa nyepesi, mimi ninapoteza. Sitaki kulipitia jambo hili juu juu. Kodi ya duka, ada ya shule ya wanangu, mshahara wa dada anayenisaidia, vyote kwa sehemu vinatokana na zile simu kushindwa. Nimewahi kumwona mteja akipambana barazani na fomu yake, nami ndani nikajua kwamba atashindwa na atakuja. Sikumtakia mabaya. Ila nilijua, na nikaendelea kuprinti. Nimejiuliza kama inatosha kusema kwamba sikuutengeneza mimi ule ukurasa. Siku nyingine naona inatosha. Siku nyingine sioni.

Lakini pesa si kubwa kuliko lile la pili, ambalo nililizoea kiasi cha kutolifikiri. Duka lilikuwa na daftari. Kila stesheneri ninayoijua imewahi kuwa nalo. Wateja husahau maneno ya siri, wakirudi baada ya wiki kuangalia majibu ya maombi yao wanasema, "Si uliandika wewe?" Kwa hiyo tuliandika: jina, namba ya simu, barua pepe, neno la siri. Na zile barua pepe nyingi ni sisi tuliozifungua. Mtu ambaye hakuwa na anwani alifunguliwa hapo hapo, neno la siri likachaguliwa na aliyekuwa kwenye kibodi, na mwenye anwani akaondoka bila kulijua. Anwani hiyo ndiyo inayopokea barua ya kuitwa kwenye usaili, majibu ya mkopo, viungo vya kubadilisha maneno ya siri ya akaunti nyingine. Yaani ufunguo wa maisha yake ya mtandaoni ulikuwa kwenye daftari la karatasi, kwenye droo isiyofungwa, katika duka ambalo watu wanaingia na kutoka kutwa nzima.

Mtu mwenye simu mfukoni. Hilo ndilo linalonirudia. Angeweza kuyafanya yote hayo akiwa amekaa kitandani kwake, peke yake, neno lake la siri likiwa kichwani kwake tu. Tunapozungumzia kurasa nzito huwa tunahesabu sekunde na bando, na ni sawa kuzihesabu. Ila gharama ninayoiona kaunta ni kwamba mtu anakuja kumsomea mgeni siri zake kwa sauti, mbele ya wengine walio kwenye foleni, kwa kuwa ukurasa ulikataa kukaa kwenye simu yake. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na nilipoisoma nilielewa kwamba daftari lile haliko nje yake. Sheria inaweza kunibana mimi nilinde nilichopewa. Haiwezi kumrudishia mtu hiari ya kutonipa.

Daftari nimelichoma. Sasa kibodi naigeuza upande wa mteja ikifika kwenye neno la siri, nami naangalia mlangoni. Wengine hawapendi, mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, andika tu wewe, mimi nakuamini," na nilikosa jibu la kumpa, kwa sababu kuniamini kwake hakukuwa na njia nyingine ya kwenda. Wenye simu zinazoweza, nawaonyesha kwanza namna ya kujaza wenyewe: kufunga programu nyingine zote kabla ya kuanza, kupunguza picha kabla ya kuipakia, kuisoma namba ya uthibitisho meseji inapochungulia juu ya kioo bila kutoka kwenye kivinjari. Baadhi wanafaulu, wananunua bahasha tu na kuondoka. Wengine wanashindwa hata hivyo, nami ninajaza.

Wewe unayetengeneza fomu za watu, uwe serikalini au kwenye kampuni, nakuomba kabla hujaifungua kwa umma uazime simu yenye RAM ya gigabaiti 1 au 2, uijaze fomu yako yote kwa kidole chako, utoke katikati kusoma meseji, kisha urudi uone kama majina uliyoandika bado yapo. Kama hayapo, yahifadhi kadiri mtu anavyoandika; inawezekana, na si kazi kubwa. Na wewe uliyewahi kujaziwa fomu kwenye duka kama langu, badilisha neno lako la siri leo hii, na kwenye barua pepe uliyofunguliwa hapo hakikisha namba ya simu iliyoandikwa kwa ajili ya kuirejesha ni yako, wala si ya duka.